Dawa ya Jicho Zima

Jumanne, 5 Machi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na ninaliandika hapa kwa sababu daftari hili halina mdomo. Leo daktari wa macho alinipa maneno nimfikishie Bibi, nami sikuyafikisha.

Niandike ilivyokuwa. Bibi ni mama yake Mama. Ni fundi cherehani, na Kiingereza chake ni maneno mawili tu, la kukubali na la kushukuru. Pale kliniki ya macho, katika mji huu wa ugenini, kuna muuguzi mmoja tu anayejua Kiswahili, lakini yuko likizo. Mama alikuwa zamu kwenye kiwanda wanakofua shuka za mahoteli. Basi mkalimani nikawa mimi, mwenye miaka kumi na mitano, ambaye nikiulizwa swali darasani hujibu kwa sauti ambayo hata mimi siisikii.

Daktari ni mrefu, ana kalamu nne mfukoni, na huongea kama mtu anayefukuzwa. Alipoona Bibi hajibu, aliongeza sauti. Bibi akanigeukia.

"Mke mwenzangu, mwambie masikio yangu ni mazima. Nimeleta jicho."

Sikufasiri hilo. Daktari akaacha kumtazama Bibi, akanikazia macho mimi, akamwaga yote kwa mkupuo mmoja. Kwamba ni presha ya macho. Kwamba jicho la kushoto limeshakufa na halitarudi, hata likipasuliwa. Kwamba la kulia linaona lakini nalo limeanza kuliwa polepole, bila maumivu. Kwamba matone yawekwe kwenye jicho la kulia, asubuhi na jioni, kila siku ya maisha yake, la sivyo nalo litamfuata mwenzake.

Bibi alikuwa amenishika mkono. "Anasemaje? Mwambie la kushoto ndilo linalonisumbua, linaona ukungu mtupu. Aniponyeshe hilo. Hili jingine halina neno."

Nilifungua mdomo. Lile neno la kufa lilifika kwenye meno likagoma kutoka. Mtu aliyenifundisha kutembea, nimwambie mimi kwamba jicho lake limekufa? Nikasema, "Anasema ni presha ya macho, Bibi. Utumie hii dawa asubuhi na jioni. Macho yatatulia."

Daktari akauliza kama mgonjwa ameelewa. Bibi akatabasamu, akatoa neno lake la kwanza, kisha la pili. Daktari akafurahi, akafunga faili.

Njiani mvua ya kwanza ya msimu ilitukuta. Bibi alikiweka kichupa cha dawa kifuani, ndani ya nguo, kama mtu anayeficha kifaranga.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Hesabu nimepata kumi na saba kwa ishirini.

Jumamosi, 9 Machi

Nilijitolea kumtia Bibi dawa. Alicheka. "Nimewatia dawa ya macho watoto watano na mama yako ndiye aliyekuwa mkorofi kuliko wote. Leo nitiwe mimi? Kasome." Akaingia chumbani na kichupa chake, akarudisha mlango.

Dari ya sebuleni imeanza kuvuja pale pale pa mwaka jana, kando ya bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka paani. Tumeweka beseni. Bibi amesogeza cherehani hatua mbili kuelekea dirishani na kusema kwamba hata nyumba nayo ina presha ya macho, inatoa machozi tu.

Mama alicheka sana. Mimi nilijifanya natafuta rula.

Alhamisi, 14 Machi

Leo mwalimu wa lugha alirudisha kazi ya ufupisho. Alisoma yangu mbele ya darasa. Alisema: "Angalieni alivyofupisha. Maneno machache, na hakuacha jambo la msingi hata moja."

Nilitamani dawati linimeze.

Jumapili, 17 Machi

Mvua kutwa. Bibi anashona mapazia ya jirani wa ghorofa ya juu, madirisha manne, kitambaa cha kijani kizito.

Jumatano, 20 Machi

Mama alirudi kutoka zamu vidole vimejikunja kwa maji ya moto. Aliketi jikoni na viatu vyake, akaniuliza, "Hivi yule daktari alisema nini hasa? Nieleze vizuri."

Hapo ndipo ningesema. Jikoni tulikuwa wawili tu, na Bibi alikuwa amelala. Lakini Mama alikuwa amefumba macho kwa uchovu, na nikafikiri, nikimwambia leo, kesho kazini wataanza kumuuliza kwa nini amevimba macho. Nikasema ni presha ya macho, na dawa ni asubuhi na jioni. Yote ni kweli. Nimegundua kwamba uongo unaweza kujengwa kwa matofali ya kweli tupu.

"Alhamdulillahi si zaidi ya hapo," akasema Mama, akavua viatu.

Jumapili, 24 Machi

Bibi amegonga bega kwenye fremu ya mlango, upande wa kushoto. Ameutukana mlango.

Jumamosi, 30 Machi

Jirani wa ghorofa ya juu alishuka na pazia moja mkononi. Ni mtu mpole, alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Aliuliza habari za afya, za mvua, za masomo yangu, ndipo akalikunjua. Pindo la chini lilikuwa limekwenda kombo. Lilianza sawasawa, kisha likapanda taratibu kama kisigino cha soksi iliyochakaa.

Bibi alilipokea, akalisogeza karibu na uso, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Nilimwona alipogundua. Kidole kilisimama.

"Nyuzi za siku hizi," akasema. "Zinavuta kitambaa. Niachie, mwanangu, nitalifumua."

Jirani alipoondoka, Bibi hakulifumua. Alikaa na lile pazia mapajani. Nikamwambia nimtilie uzi kwenye sindano, maana nilikuwa nimemwona asubuhi akijaribu mara nne. Akaniangalia kwa ukali ambao si wake.

"Siku nitakayotiliwa uzi na mtu, nizikeni na cherehani yangu."

Jumatano, 3 Aprili

Leo nitaandika kirefu.

Shule ilifungwa mapema kwa sababu maji yalijaa uwanjani. Nilifika nyumbani kimya kwa kuwa viatu nilikuwa nimevishika mkononi. Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitandani, kichwa amekilaza nyuma, anajitia dawa. Tone likaingia jicho la kushoto. La pili, la kushoto. Akafumba, akasubiri, akafumbua, akatazama kiganja chake kwa jicho hilo peke yake, mkono mwingine umeziba la kulia. Alikitazama muda mrefu. Kisha akafunga kichupa.

"Bibi," nikasema, "na la kulia?"

Alishtuka kidogo. "La kulia lina nini? Hilo ndilo linalofanya kazi."

"Lakini dawa..."

"Dawa ya mgonjwa haipewi mzima, mke mwenzangu. Ukiwa na watoto wawili, mmoja ana homa, utawanywesha wote? Nalitia hili mara mbili mbili ili lipone upesi, nirudi kwenye kazi zangu."

Nilikichukua kichupa. Kwenye karatasi iliyobandikwa imeandikwa wazi kwa Kiingereza: jicho la kulia, tone moja, mara mbili kwa siku. Kimekaa kwetu wiki nne, na kila siku kilikuwa kikisema ukweli kwa lugha ambayo katika nyumba hii naisoma vizuri mimi peke yangu. Mimi sikuwahi kukisoma kwa sauti.

Kosa la Bibi halikuwa la ujinga. Kwa maneno niliyompa mimi, alichofanya ndicho ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Nilimwambia macho yatatulia. Akalitia dawa lile jicho ambalo halijatulia.

"Weka na la kulia, Bibi. Tafadhali. Daktari alisema yote mawili."

"Siku ile hukusema yote mawili."

"Nilisahau."

"Wewe?" Akatabasamu. "Wewe hukumbuki ulipoweka soksi zako, lakini maneno ya mtu hujapata kuyasahau. Acha. Ninayo mimi macho haya, ninajua lipi linaumwa."

Akanipapasa shavu na kwenda kuwasha jiko. Alipopita aligonga bega tena, mlango ule ule.

Wiki nne. Jicho la kulia limekaa wiki nne bila tone hata moja. Nimelifikiria pindo la pazia.

Alhamisi, 4 Aprili

Sikwenda shule. Hilo nalo sijawahi kufanya. Nilitoka na begi kama kawaida, nikashika njia ya kliniki.

Muuguzi wa Kiswahili amerudi. Ni mama mnene mwenye miwani ya kamba, na foleni yake ilikuwa inafika hadi kwenye ngazi. Nilisimama pembeni nikingoja apumue. Hakupumua. Mwishowe akaniuliza mwenyewe, "Na wewe binti uliyelowa kama kuku, umeleta jicho la nani?"

Nilimwambia yote. Sauti yangu ilitoka, sijui ilitoka wapi. Nilingoja anigombeze. Alivua miwani akaifuta.

"Kwanza," akasema, "kazi ile haikuwa yako. Mtu mzima kuambiwa amepoteza jicho, hapewi mtoto ayabebe maneno hayo. Sisi ndio tuliokutwisha."

"Lakini ni mimi niliyeyamwaga."

"Ndiyo, uliyamwaga. Sasa tuyaokote." Akachungulia daftari lake la miadi. "Mlete kesho saa nne. Nitakaa katikati. Lakini kumfikisha hapa ni kazi yako, na usimdanganye njiani."

Nikamuuliza nitamwambiaje. Nilidhani atanipa maneno mazuri. Alinipa mambo madogo madogo ambayo yeye anayatumia kila siku, huku akipiga mihuri kwenye makaratasi ya watu. Nikae mbele yake, si pembeni. Niseme jambo moja, kisha ninyamaze, nimwachie nafasi. Nisianze kwa kuomba radhi, maana ataanza kunibembeleza mimi na habari yenyewe itapotea. "Na usimuulize kama ameelewa," akasema. "Mtu mwenye adabu akiulizwa hivyo huitikia ndiyo, hata kama umemsomea bei ya saruji. Mwambie akueleze yeye. Ukisikia alichokieleza, ndipo utajua ulichomwambia."

Nilirudi kwa miguu. Mvua haikuwa kubwa.

Bibi alikuwa kwenye cherehani, analifumua lile pindo. Niliweka kigoda mbele yake, nikakaa. Akanitazama. "Shule imejaa maji tena?"

"Bibi, siku ile kliniki daktari alisema jicho la kushoto limekufa."

Nikanyamaza. Hilo la kunyamaza lilikuwa gumu kuliko kusema. Beseni lilipokea matone, niliyahesabu hadi tisa.

"Halitarudi?" akauliza.

"Halitarudi. Hata kwa kupasuliwa."

"Na hili?"

"Hilo linaona. Lakini ugonjwa umeshaingia. Dawa ni ya hilo. Ni ya kulilinda."

Alichomoa uzi mmoja, akauweka juu ya meza, akaunyoosha kwa kidole. Kisha akaniambia nimweleze tena tangu mwanzo, alichosema daktari na nilichosema mimi, kila kimoja peke yake. Nikamweleza. Nilipofika pa "macho yatatulia", alitikisa kichwa polepole.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Bibi?"

"Kwamba limekwenda. Tangu mwaka jana. Hukosi kujua taa ya chumbani mwako ikizimika. Nilikwenda kule nikiomba niponywe, lakini moyoni nikingoja mtu aniambie tu, niache kujisumbua. Wewe ukaniletea habari njema." Akapiga kope. "Nikasema, huyu amesoma, huenda mimi ndiye sijui. Nikaanza kungoja. Kila asubuhi naziba hili zima nautazama mkono wangu kwa hili bovu. Jana niliona kama nauona."

Hapo nililia, na kuomba radhi niliomba, yule muuguzi anisamehe. Bibi hakunibembeleza mara moja. Alimaliza kufumua mshono hadi mwisho wake, akakata, akakunja pazia. Ndipo akanivuta kichwa akakiweka begani.

"Ulinionea huruma," akasema. "Huruma yako nimeipokea. Lakini nilikutuma ukaniletee maneno ya yule mtu, ukaniletea ya kwako. Siku nyingine nipe kama yalivyo. Kuyatafuna nitayatafuna mwenyewe, meno ninayo."

"Unayo matano, Bibi."

"Yanatosha."

Mama aliporudi tulimweleza wote wawili. Akaniuliza kama nimekula. Baadaye nilimsikia akiongea na Bibi jikoni kwa sauti ya chini, na Bibi akijibu, "Usimguse. Ameshajichapa mwenyewe."

Ijumaa, 5 Aprili

Kliniki, saa nne. Mama alibadilishana zamu, kwa hiyo tulikwenda watatu.

Daktari alianza vile vile, mbio na kwa sauti ya juu. Muuguzi akainua kiganja, akamwambia jambo fupi kwa Kiingereza, kwa heshima. Nilisikia: mtazame yeye, si sisi, na useme kidogo kidogo. Daktari akawa mwekundu shingoni. Akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribiana na ya Bibi. Alichora jicho kwenye karatasi, akachora na la pili, akalipaka la kushoto wino wote.

Kisha akasema sentensi moja. Muuguzi akaifikisha. Wakangoja. Sikujua kwamba mtu yule anaweza kungoja.

Alipima. Tulikaa tukitazama ukuta. Jicho la kulia limepoteza kipande cha pembeni, upande wa pua, kidogo. Hakijulikani kama kilipotea ndani ya wiki hizi nne au kabla. Nilimuuliza daktari mwenyewe, kwa Kiingereza, na sauti yangu ilisikika. Akanitazama, akasema hawezi kujua. Hakusema si kosa langu, wala hakusema ni langu. Nilishukuru kwamba hakusema.

Bibi akauliza swali lake la kwanza kwa daktari tangu tuanze kwenda kule. "Mwulizeni, nitashona?"

Daktari alifikiri. Akajibu akimtazama Bibi. Bibi akamwinulia muuguzi mkono asubiri, akanigeukia mimi.

"Wewe niambie. Amesemaje?"

Chumba kizima kilinitazama. Nilikaa mbele yake.

"Amesema, ukitia dawa kila siku, anadhani utashona miaka mingi. Lakini hawezi kuahidi."

"Amesema hawezi kuahidi?"

"Ndiyo, Bibi. Ndivyo alivyosema."

Alimgeukia daktari, akamtazama kama anavyokitazama kitambaa kizuri kabla ya kukikata. "Huyu sasa tunaelewana," akasema.

Muuguzi hakumuuliza kama ameelewa. Alimpa kichupa kipya na kumwomba aonyeshe atakavyofanya nyumbani. Bibi akalaza kichwa nyuma, akavuta ngozi chini ya jicho la kulia, tone moja, akafumba. "Asubuhi na jioni," akasema, macho yamefumbwa. "La kulia. Siku zote, mpaka mnizike. La kushoto nimelisamehe." Daktari aliomba atafsiriwe, akacheka, naye Bibi akacheka kwa kuwa daktari amecheka.

Jumatatu, 8 Aprili

Mama amenunua kitabu kidogo cha Kiingereza cha kazini. Amenitaka nimsikilize kila Jumapili. Ameanza na neno la kukataa, anasema kutolijua hilo ndiko kunakomkosesha raha kule kiwandani.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua zimepungua. Beseni kavu.

Jumatano, 1 Mei

Jirani amechukua mapazia yote manne. Pindo limenyooka. Bibi alilishona polepole mno, ameweka taa upande wa kulia, na kiti amekigeuza.

Jana aliniita. Alikuwa ameshika sindano na uzi, havikutani. Nilisimama mlangoni, nikikumbuka alichosema siku ile kuhusu kuzikwa na cherehani. Alinyoosha mkono wenye sindano kuelekea kwangu, bila kunitazama.

"Ukimsimulia mtu," akasema, "nitakukana."

Leo asubuhi kabla ya shule nilinawa mikono. Nilitia uzi kwenye sindano sita, tatu nyeusi na tatu nyeupe, nikazichoma kwenye kimto chake, upande wa kulia anakoona. Nikaweka kigoda mbele yake nikakaa, nikamwambia anieleze dawa. Akaeleza. Akajitia, nikatazama. Kisha nikachukua begi, nikaenda shule.